Viatu vya kununua Nairobi kama una mzio wa gundi

Ukiwashwa na kutokwa vipele juu ya mguu na kwenye vidole gumba, miguu yote miwili, na katikati ya vidole pako safi, usikimbilie dawa ya fangasi. Fangasi hupenda kuanzia katikati ya vidole. Shuku kiatu, hasa gundi yake: hutiwa resini ya fenoli na fomaldehaidi ili ishike ngozi na mpira, na jasho huichomoa kidogo kidogo. Vipele huchelewa siku moja, mbili au zaidi, ndiyo maana watu hulaumu sabuni.

Kabla ya bei, angalia kiatu kimeshikanishwa na nini.

Namba moja, bila ubishi: sandak za plastiki na kroksi, maana hutoka kwenye kalibu zikiwa kipande kimoja. Kandambili za plastiki zinafuata, kamba hupenya tundu na kushikwa na kifundo chake. Ofisini hazikubaliki, najua.

Tatu ni sandali za ngozi za soko la Kariokor, na hapa usiwe na haraka. Usidanganywe na uzi unaouona ukingoni. Mara nyingi gundi imepakwa kwanza, uzi ukafuata. Uzuri ni kwamba fundi yuko mbele yako. Mwambie akushonee bila gundi, uzi na misumari tu, kisha keti hapo uangalie. Akisema haitadumu, ana haki: utairudisha kushonwa mapema. Bora hiyo kuliko kujikuna usiku kucha. Muulize pia kama ana ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya muwati, kwa sababu kromu, inayotumika kutengeneza ngozi nyingi, nayo huleta mzio.

Akala hazihitaji gundi, misumari inatosha, lakini mpira wa tairi una kemikali zake zinazoweza kukuwasha. Kama hujajua unadhuriwa na gundi au mpira, ziache.

Mwisho kabisa ni raba, na mbaya zaidi ni za mtumba zilizobandikwa soli upya. Pale soko la Gikomba, inua soli ya ndani: ukiona utando wa manjano uliokauka, rudisha kiatu. Kuubandua hakutoshi.

Daktari wa ngozi anaweza kukubandika vipimo mgongoni kwa siku mbili, kisha akasoma tena siku chache baadaye. Nenda na kiatu chenyewe, kipande chake kinaweza kupimwa. Na ukinunua kipya, tupa soksi za zamani. Resini hubaki humo hata zikifuliwa.