Rimu ya A4 ya risaiko, gram 80: uso uko vizuri, weupe usikubabaishe

Mi nina steshenari, kutwa ni fotokopi na printi, na karatasi za risaiko (zinazotengenezwa upya kutoka karatasi chakavu) nilikuwa nazikimbia kabisa. Zile za zamani zilikuwa na ukijivu, alafu ukishapiga rimu kadhaa ukifungua printa unakuta vumbi jeupe limejaa kwenye rola za kuvutia karatasi, rola zinaanza kuteleza, karatasi zinaingia mbili mbili, zinakwama, anaitwa fundi. Sasa sapulaya kaniletea hii mpya (kiwanda sikitaji, sio tangazo) na nimeitumia kwenye kazi za kawaida tu, notsi za wanachuo, fomu, mitihani ya shule.

Weupe ndio kila mteja anaanza nao. Ni nyeupe kweli, ila ukisogeza macho utaona vinukta vyeusi hapa na pale, ni wino uliobaki. Kiwandani karatasi chakavu zinavurugwa kwenye maji mpaka ziwe uji, wanatia sabuni na kupuliza hewa, wino unang'ang'ania kwenye mapovu unapanda nayo juu wanaengua, ndio baadae wanakuja kung'arisha kwa haidrojeni peroksaidi. Tona, ule wino wa unga wa fotokopi, ndio inawasumbua maana ni plastiki iliyoyeyukia kwenye nyuzi, inabanduka vipande vipande, kwa hiyo hivyo vinukta tumevileta wenyewe watu wa fotokopi hahaha.

Ila weupe wote huo sio wa kuosha tu. Wewe wakala wa pesa chukua ile taa ya kukagulia noti feki uimulike karatasi, inawaka bluu. Kuna dawa humo inameza mwanga usioonekana na kuutoa kama bluu, jicho linaona weupe uliozidi. Sio ajabu, karatasi nyingi za ofisini zinayo, shida yake inachoka juani. Niliacha moja dirishani nusu imefunikwa na daftari, upande uliokuwa wazi umepiga unjano, unaona kabisa mstari ulipoishia daftari. Na kama humo kuna magazeti ndio zaidi, gazeti lina lignini, ile gundi ya asili ya mti inayopiga unjano juani, na peroksaidi haiitoi, inaipausha tu. Ujerumani karatasi ya ofisi ikitaka Blue Angel, nembo yao ya kutunza mazingira, hiyo dawa ya kuwaka bluu hairuhusiwi kuongezwa, na watu wananunua hivyo hivyo.

Kilichonikosha mimi ni uso. Bandika seloteki, bonyeza na kidole, vuta. Za zamani seloteki ilikuwa inatoka na manyoya, hii inatoka karibu safi. Kitambaa cheusi nimepitisha, vumbi dogo sana, peni ya wino wa maji haitambai. Hapo ni wanga umefanya kazi. Nyuzi kila zikirudi kiwandani zinazidi kuwa fupi na ngumu, hazishikani vizuri, kwa hiyo karatasi ikishakauka inapita katikati ya rola mbili zenye wanga wa moto, wa mahindi au hata wa muhogo, inakaushwa tena, zile nyuzi za juu zinalala zimegandiana, ndio inaenda kwenye rola nzito za kulainisha. Kukausha mara ya pili ni gharama, ukitaka kubana hela unapunguza wanga unajaza unga wa chokaa iwe nyeupe, na chokaa isiyoshikwa vizuri ndio hilo vumbi la kwenye rola zetu. Hawa hawajabana.

Kasoro zipo. Ukikunja na kukunjua sehemu moja inawahi kuchanika, kwa hiyo vipeperushi vya kukunja mara tatu sichapii tena humu. Cheti cha kutundika ukutani au mkataba wa kiwanja pia hapana, tumia karatasi isiyo ya risaiko. Bei iko chini kidogo tu, nilitegemea ishuke zaidi. Nawapa nyota 4 kwa 5, notsi na fotokopi zote nimehamia huku. Rimu ukishaifungua irudishe kwenye nailoni, masika haya ikinyonya unyevu inajikunja pembe na printa inaitema.