Mashine ya kupuliza majani: uzoefu wangu kwenye bustani yenye majabali, Luchelele

Niseme mapema kabisa: kama uwanja wako ni tambarare, una miti miwili mitatu na nyasi fupi, usinunue mashine hii. Reki ya waya na fagio la chelewa vinakutosha, pesa yako ibaki mfukoni. Nawaandikia wenye viwanja vya Kimwanza hasa, vile vyenye majabali katikati, miti mikubwa ya kivuli na mteremko unaoelekea ziwani.

Bustani ninayoisimamia iko Luchelele, ukishapita Nyegezi. Ni ya familia, inazidi ekari moja, na tunaikodisha kwa harusi, sendofu na kipaimara. Kuna miembe ya zamani, mikungu mikubwa mitatu, mijohoro upande wa barabara na mwarobaini kuzunguka ukuta. Mteja anayekuja kupamba Ijumaa hataki kuona jani chini, na kiangazi ndicho kipindi chetu chenye sherehe nyingi. Ndicho pia kipindi ambacho miti inamwaga.

Wenzetu wa Ulaya majani yanawapukutikia kwa msimu mmoja, kuanzia Septemba hivi hadi Novemba, kwa sababu siku zinakuwa fupi na baridi inaingia. Wakishasafisha, wameshasafisha. Sisi hapa baridi ya namna hiyo hatuna. Miti inaangusha majani kwa sababu mvua imekatika, na kila mti una ratiba yake kati ya Juni na Septemba. Mwembe unadondosha kidogo kidogo mwaka mzima. Mkungu ndio unaotesa: majani yake yanageuka mekundu, kisha yanashuka karibu yote ndani ya muda mfupi, na mara nyingi yanarudia tena ndani ya mwaka huohuo. Jani moja linaweza kuzidi kiganja cha mtu mzima, ni gumu kama ngozi ya kiatu, na halina haraka ya kuoza. Kwa hiyo kijitabu cha mashine kinachoongelea kazi ya wiki chache kwa mwaka kisome ukijua kwamba wewe utaitumia miezi.

Yangu ni ya kushika mkononi, ya petroli, injini ya tu-stroki ya cc 26, yenye bomba refu la plastiki linalotoa upepo. Nililipa shilingi 320,000 kwenye duka la zana mjini. Kampuni siitaji kwa sababu za aina hii zinafanana sana, na ninayoyasema yanahusu aina nzima.

Inapong'ara ni kwenye mawe. Anayeijua Mwanza anajua majabali yetu yalivyo, jiwe limekaa juu ya jiwe, na chini yake nyufa ambazo mkono unaingia lakini reki haiingii. Majani yanajikusanya humo, yanashikana na kuwa godoro, na kwenye godoro hilo panya wanazaa na nyoka wanawafuata. Kifutu si nyoka wa kukimbia. Anajilaza kimya ndani ya majani makavu, rangi yake ndiyo hiyohiyo ya majani, na anauma anapokanyagwa au kushikwa. Zamani tulikuwa tunachokoa nyufa hizo kwa mikono, na kila mara roho ilikuwa juu. Sasa unasimama mbali kidogo, unaelekeza bomba chini ya jabali, majani yanatoka yenyewe, na kama kuna kiumbe ndani unamwona kabla hujamkaribia. Kwa faida hiyo peke yake ningeinunua tena. (Mijusi wale wa kichwa chekundu na mkia wa buluu wanahama kwa dakika chache, kisha wanarudi juu ya jiwe lao. Wanasayansi wanawaita Agama mwanzae, kwa jina la mji wetu, na mimi nafurahi kuwa nao bustanini.)

Kwenye changarawe na njia za kutembelea pia inafanya kazi nzuri, mradi upunguze moto, yaani kasi ya injini. Ukiubana mpaka mwisho changarawe nayo inaondoka. Kwenye nyasi ni wastani tu. Majani membamba ya mwarobaini yanajificha kati ya nyasi na upepo unayapita juu, hapo reki bado ni mfalme.

Jambo ambalo hakuna kijitabu kitakachokuambia ni upepo wa ziwa. Usiku na alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapanda unageuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu, na mchana unakuwa na nguvu. Ukianza kupuliza saa sita mchana utakuwa unashindana na ziwa Victoria zima. Kuanzia alfajiri nako hakufai, kwa sababu karibu na maji kuna umande na jani lenye maji linagandia chini. Wakati wetu ni kuanzia kama saa mbili asubuhi mpaka saa nne: majani yameshakauka na upepo haujageuka sawasawa. Tunasukuma kutoka pembeni kuja katikati, kwenye turubai kubwa lililotandazwa chini, kisha watu wawili wanakunja pembe na kuliburuta.

Maana yake kuzoa kunabaki palepale. Mama anayetusaidia usafi aliiangalia siku ya kwanza akasema, "Kaka, hiki kinahamisha tu, kuzoa bado ni kwetu." Ni kweli, na mtu anayenunua akidhani kibarua hatahitajika tena atasikitika. Kilichobadilika ni kwamba kazi iliyokuwa inakula siku nzima ya watu wawili sasa inaisha asubuhi, na mchana wanamwagilia au wanapanga viti.

Kuna kifaa cha ziada cha kugeuza mashine ivute badala ya kupuliza, na mfuko wake wa kuning'iniza begani. Majani ya mwembe makavu inayavuta na kuyakatakata vizuri. Ya mkungu yanaziba mdomo wa bomba, unazima, unayatoa kwa mkono, unawasha tena. Halafu ikivuta kokoto, ile feni ya ndani inasikika ikigongwa, sauti ya kuumiza kabisa. Kwenye ardhi yetu ya mchanga na kokoto simshauri mtu akilipie.

Kelele ni kubwa. Nunua vizuia sauti vya masikio na miwani, na kitambaa cha pua, kwa sababu vumbi la Agosti si la mchezo. Jirani mwenye mtoto mchanga umpe taarifa mapema. Jumapili hatuiwashi kabisa.

Sasa mafuta, na hapa nawaomba mnisikilize. Injini ya tu-stroki inachanganyiwa oili ndani ya petroli. Kijitabu changu kinataka 1 kwa 40, yaani mililita 25 za oili kwa kila lita ya petroli. Napima kwa bomba la sindano, nachanganya kwenye kidumu, natikisa, ndipo namimina. Kwa Mwanza kishawishi ni kununua oili ya injini za boti, kwa sababu imejaa kila duka kuelekea Mwaloni Kirumba na wavuvi wanaitumia kila siku. Ile imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Hii yetu inapozwa na upepo na inachemka kuliko ile. Ulizia oili ya chensoo, au angalia kopo limeandikwa JASO FD, alama ya daraja la ubora wa oili ya tu-stroki. Fundi wa chensoo ndiye pia fundi wako: kabureta, plagi na ea kilina (chujio la hewa) ni vitu anavyovishika kila siku. Ea kilina ya sponji naiosha kwa sabuni mara kwa mara kwa ajili ya vumbi, naikausha kivulini. Masika ikianza na kazi ikipungua, namwaga petroli yote na kuiacha ingurume mpaka izime, maana petroli iliyolala inaacha utando kwenye kabureta.

Swali ninaloulizwa na majirani wa ufukweni ni kwa nini nisisukume majani yote yaingie ziwani, mteremko si upo? Siwezi. Majani yakioza majini yanakula hewa ambayo samaki wanaihitaji na yanaongeza rutuba inayolisha mwani na magugu maji, haya tuliyohangaika nayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Sato wanazaliana kwenye maji haya haya ya kina kifupi mbele ya nyumba zetu. Ziwa likipanda, kama lilivyopanda 2024, linakurudishia taka zako mpaka mlangoni. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na nadhani hata bila sheria mtu anayekula samaki wa hapa ana sababu ya kutosha.

Kuchoma nako tumeacha. Moshi unaingia kwenye vitambaa vya mapambo, na cheche moja kwenye nyasi kavu za kiangazi inatosha kuunguza mlima. Tunatengeneza mboji nyuma ya ukuta: tabaka la majani, tabaka la samadi ya ng'ombe, ambayo kwa Usukumani haina shida kupatikana, maji, kisha kugeuza. Majani ya mkungu tunayapitishia kwanza mashine ya kukatia nyasi, vinginevyo yanakaa mazima muda mrefu sana. Mchicha na nyanya za pale nyuma zinakula mboji hiyo tu.

Kwa mwenye bustani ya sherehe, hoteli ndogo au shule yenye miti na mawe, naipa nne kati ya tano. Ile moja nimeitoa kwa ajili ya kelele na uzito: mkono unachoka, na kwa uwanja unaozidi ekari mbili ni heri uongeze pesa upate ya kubeba mgongoni. Ukienda kununua, iwashwe palepale dukani, uivute kamba mwenyewe ikiwa baridi, na uondoke na plagi ya akiba.