Msaada wa Masomo wa Coca-Cola Scholars: Maombi Mepesi, Mchujo Mkali

Miongoni mwa misaada ya masomo inayotolewa nchini Marekani kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari waliojitolea kuihudumia jamii, ule wa Coca-Cola Scholars, ulioanzishwa mwaka 1986, ndio ningemshauri mwanafunzi auombe kwanza, ijapokuwa nafasi ya kuupata ni finyu mno. Washindi 150 kwa mwaka hupewa dola 20,000 kila mmoja, ilhali waombaji ni makumi ya maelfu.

Kilichonivutia zaidi ni utaratibu wa maombi. Hatua ya awali, ambayo kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa mwishoni mwa Septemba, haidai insha wala barua za mapendekezo. Insha na barua hizo huombwa baadaye kwa waliovuka mchujo wa kwanza tu, kabla ya wachache wao kufanyiwa usaili. Kijana anayefanya kazi jioni hapotezi wiki nzima kwa ajili ya jambo ambalo huenda lisifike popote.

Masharti yanaeleweka: wastani wa alama usiopungua 3.0 kwa kipimo cha 4.0, na nia ya kusomea shahada katika chuo kinachotambulika Marekani. Wakimbizi na waliopewa hifadhi wanaruhusiwa kuomba sawa na raia na wakazi wa kudumu, jambo ambalo familia nyingi za wahamiaji zingefaa kulijua mapema. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi haruhusiwi, na watoto wa wafanyakazi wa kampuni ya Coca-Cola pia hawaruhusiwi, kama inavyostahili.

Dosari ninayoiona iko katika mizani yenyewe. Tuzo ya Rais wa Marekani ya Huduma ya Kujitolea, iliyoanzishwa mwaka 2003, ilipima kwa saa za kujitolea katika mwaka: kwa vijana wa miaka 16 hadi 25, saa 100 zilitosha kwa shaba na 250 kwa dhahabu. Coca-Cola Scholars hutazama zaidi uongozi na matokeo ya kazi, na hilo nalipendelea, kwa sababu saa peke yake hazisemi kitu. Hata hivyo uongozi huonekana upesi kwa mwenye cheo. Binti anayemsindikiza jirani kliniki ili amtafsirie maelezo ya daktari, kisha jioni akamsaidia mzee wa ghorofa ya chini kujaza fomu za bima, anahudumia jamii barabara. Lakini kwa kuwa si mwenyekiti wa chama chochote, mara nyingi hata yeye mwenyewe haoni kwamba kuna la kuandika. Maelekezo ya misaada ya aina hii yangepaswa kuitaja huduma kama hiyo waziwazi. Hadi hapo, mwanafunzi wa darasa la kumi au la kumi na moja aanze sasa kuandika tarehe, kazi aliyoifanya na aliyenufaika, tena amwarifu mwalimu mmoja anayemwamini, maana akifika hatua ya pili atahitaji mtu wa kumwandikia barua anayeijua kazi hiyo.