Mashine ya kukausha hewa ya besimenti: uzoefu wangu hapa Des Moines

Mashine ninayoizungumzia ni ile ya kunyonya unyevu hewani, dihumidifaya, saizi ya painti 50 (kiasi cha maji inachoweza kutoa hewani kwa siku), yenye pampu yake ndani. Tumeitumia kwenye besimenti yetu hapa Des Moines, Iowa, kwa majira ya joto kadhaa sasa, na naipa nyota nne kati ya tano. Naandika kwa sababu familia zetu nyingi, tuliotoka Kigoma, Uvira, Bukavu na Bujumbura, zimeanza kununua nyumba huku, na nyumba za huku nyingi zina ghorofa nzima chini ya ardhi. Kwetu hatukukua na kitu kama hicho, wala hakuna mzee aliyetufundisha namna ya kukitunza. Na huko ndiko tunakoweka kila kitu: kitanda cha mgeni, magunia ya mchele, sanduku la vitenge, na makaratasi ya uhamiaji ambayo ukiyapoteza utalia miaka.

Nyumba yetu ni ya miaka ya 1950, kuta za besimenti ni matofali ya saruji yaliyopakwa rangi tu. Ikifika Juni, harufu ya uvundo ilikuwa inapanda ngazi hadi sebuleni. Mwanangu mkubwa ana pumu na chumba chake kiko huko chini, kwa hiyo kwangu hili halikuwa suala la harufu. Kuvu hutoa mbegu ndogo sana zinazoelea hewani, na kwa mwenye pumu zinaweza kuamsha kifua. Nilinunua kipima unyevu, kile kidogo cha dola kumi na kitu, nikakiweka juu ya kabati lake. Kikasoma asilimia 72. Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira, EPA, linashauri unyevu wa ndani ya nyumba ubaki chini ya asilimia 60, na ikiwezekana kati ya 30 na 50. Kama hamtanunua kitu kingine chochote, nunueni hicho kipima. Pua huzoea harufu, na mtu anayelala mle kila siku ndiye wa mwisho kuisikia.

Jirani yetu, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ujenzi, ndiye aliyenizuia nisikimbilie dukani. Aliniambia nichukue kipande cha foili ya jikoni, nikibandike ukutani kwa selotepu pana pande zote nne, hewa isipite, nikiache siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa chumbani, unyevu unatoka hewani. Ukikuta maji nyuma ya foili, upande wa ukuta, basi maji yanatoka kwenye udongo na kupenya tofali. Nilibandika sehemu mbili. Ukuta wa kaskazini ulikuwa na jasho upande wa chumbani. Kwenye kona ya mashariki foili ilikuwa imelowa kwa nyuma, na hapo hapo rangi ilikuwa imebambuka na kutoa unga mweupe kama chumvi. Unga ule si kuvu. Ni chumvi za ndani ya saruji ambazo maji huziyeyusha yanapopita, kisha yakikauka yanaziacha juu ya ukuta. Ukiuona, jua kuna maji yanayosafiri ndani ya ukuta wako.

Kwa hiyo tulikuwa na matatizo mawili, na mashine hutibu moja tu. Hilo ndilo ambalo wauzaji hawatakwambia, na ndilo ninalotaka msomaji alishike kabla sijaisifu mashine.

Ile kona tuliimaliza kwa kazi ya nje. Gata lilikuwa limezibwa na majani ya miti, na bomba la kushushia maji lilikuwa linamwaga chini kabisa ya ukuta. Piga hesabu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 25, ambayo hapa Iowa ni mvua ya jioni moja tu, hukusanya lita 2,500. Bomba likimwaga hata robo yake kwenye kona moja, ukuta huo unasimama bwawani. Shemeji yangu alisafisha gata, akaunganisha bomba la kurefusha hadi karibu mita mbili kutoka ukutani, tukaleta udongo na kuushindilia ili ardhi iteremke kutoka kwenye nyumba. Kipimo ambacho mafundi wa huku hukifuata ni mteremko wa sentimita 15 ndani ya mita tatu za kwanza. Kazi yote ilitugharimu sehemu ndogo ya bei ya mashine, na nyuma ya foili ya kona ile pakakauka. Kabla ya hapo kampuni moja ilikuwa imetuandikia makadirio ya maelfu ya dola ya kupasua sakafu kuzunguka kuta zote na kuzika mabomba. Kuna nyumba zinazohitaji kazi hiyo kweli, zile ambazo maji huchuruzika kwenye kiungo cha sakafu na ukuta kila mvua hata kama gata ni zima. Yetu haikuwa hivyo. Anzeni na gata.

Sasa mashine. Ukuta wa kaskazini ulikuwa unatoka jasho kwa sababu ile ile inayofanya chupa ya soda baridi itoke jasho mezani: hewa ya joto iliyobeba maji ikigusa kitu baridi, inayaacha. Na hewa ya Iowa mwezi Julai imebeba maji mengi. Sisi tuliolima tunajua mahindi yanavyokunywa, lakini mahindi huyarudisha maji hayo hewani pia. Ekari moja iliyostawi hutoa kiasi cha lita 11,000 hadi 15,000 kwa siku, na jimbo hili limezungukwa na mahindi pande zote. Hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanatuumiza. Tumelelewa kufungua madirisha chumba kipate hewa, na kule ni sawa. Besimenti ya Iowa ukiifungulia madirisha mwezi Julai unaingizia ukuta wa baridi hewa yenye maji zaidi. Joto likipanda, yafunge, uache mashine ifanye kazi.

Ndani yake mashine hii ni friji. Feni inavuta hewa, inaipitisha kwenye koili za baridi, maji yanadondoka kwenye ndoo, kisha hewa inapita kwenye koili za moto na kurudi chumbani ikiwa kavu. Painti 50 ni karibu lita 24 kwa siku. Angalieni jambo moja hapa, hasa mnaponunua kilichotumika: mwaka 2019 serikali ya Marekani ilibadilisha namna ya kupima mashine hizi. Zamani zilipimwa kwenye chumba cha nyuzi joto 27, sasa zinapimwa kwenye nyuzi 18, ambalo ndilo joto la besimenti halisi. Kwa hiyo mashine ya leo iliyoandikwa 50 ina nguvu sawa na ile ya zamani iliyoandikwa 70. Anayekuuzia ya zamani ya 50 kwa maneno kwamba ni sawa na mpya ya 50, hapo unapoteza.

Na kwa vile tunapenda vya mtumba, nawaomba sana: msinunue dihumidifaya kuukuu kabla ya kusoma jina la mtengenezaji na namba iliyo kwenye kibandiko cha nyuma, kisha kuitafuta kwenye tovuti ya CPSC, shirika la usalama wa bidhaa. Mwaka 2013 zaidi ya mashine milioni mbili zilizotengenezwa na kampuni ya Gree, zikauzwa kwa majina mengi tofauti, ziliitwa zirudishwe kwa sababu zilikuwa zinaweza kupata moto na kuwaka. Mashine kama hizo bado mtu anaweza kuzitoa gereji na kuziuza dola ishirini. Hii ni mashine inayokaa imewashwa mmelala. Ichomekeni moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya wa kuunganisha.

Yetu mpya ilikuwa chini kidogo ya dola 300. Siku za mwanzo ilifanya kazi bila kupumzika, kwa sababu unyevu hauko hewani peke yake. Mbao, mazulia, nguo na saruji vyote vimeshiba maji na vinayatoa polepole. Msikate tamaa hapo. Baadaye ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Nimeiweka kwenye asilimia 50, na kipima cha mwanangu sasa kinacheza kati ya 47 na 51. Sanduku la vitenge nikilifungua nanusa pamba tu. Mwanangu mwenyewe anasema usiku anapumua vizuri zaidi. Dawa zake anaendelea nazo kama daktari alivyopanga.

Nyota niliyoizuia ni kwa sababu ya ndoo. Ni ndogo mno kwa mashine ya ukubwa huu. Siku ya unyevu mkali inajaa haraka, na ikijaa mashine inajizima. Mtu yuko kazini zamu ya usiku, nani ataimwaga? Ndiyo maana nasema mchukue yenye pampu, au kama sakafu yenu ina tundu la maji, mnyooshe mpira kutoka nyuma ya mashine hadi hapo, uteremke bila kupinda juu mahali popote. Sisi sakafu yetu haina tundu karibu, kwa hiyo pampu inapandisha maji hadi kwenye sinki la kufulia. Pia ina kelele. Mlangoni mwa chumba cha kulala itakusumbua. Tuliihamishia upande wa kufulia, milango ikabaki wazi hewa izunguke. Na inatoa joto, jambo ambalo mgeni aliyelala karibu nayo Agosti hatalipenda.

Umeme: yetu inakula takribani wati 500. Ikizunguka saa 24 mfululizo ni uniti 12. Ikishatulia haifiki huko, lakini bili ya Julai utaiona tofauti. Filta naiosha kwa maji kila mwezi, dakika chache tu, maana ikijaa vumbi mashine inahangaika na koili zinaweza kuganda barafu. Barafu huja pia chumba kikiwa baridi sana, kwa hiyo vuli ikiingia na kipima kikishuka chenyewe chini ya 50, naizima hadi masika.

Kuna kazi ambayo haiwezi kabisa, nayo ni mafuriko. Walioishi hapa tangu 2018 wanaukumbuka usiku wa tarehe 30 Juni, mvua ilipojaza besimenti nyingi za mji huu. Kwa hilo unahitaji pampu ya shimoni, ile inayokaa kwenye shimo la sakafuni na kusukuma maji nje, yenye betri ya akiba, na unahitaji kumuuliza wakala wako wa bima, kwa sababu bima ya kawaida ya nyumba Marekani hailipi mafuriko, na maji yanayorudi juu kupitia bomba la majitaka mara nyingi hulipwa tu ukiwa umeongeza kipengele chake. Maji yakiingia, kausha ndani ya saa 24 hadi 48, ndipo kuvu haitapata nafasi. Jipsamu na zulia vilivyolowa hadi ndani na kuota kuvu hutupwa. Doa dogo kwenye ukuta mgumu, chini ya mita moja ya mraba, unaweza kulisugua mwenyewe kwa sabuni na maji ukiwa umevaa barakoa na glavu. Likizidi hapo, ita mtu wa kazi hiyo. Na maboksi ya karatasi yasigusane na sakafu wala ukuta. Wekeni kwenye rafu za plastiki, makaratasi muhimu yapandisheni juu.

Mnaoishi nyumba za kupanga, harufu ikianza msinunue kwanza. Pigeni picha kipima na ukuta, mwandikieni mwenye nyumba kwa ujumbe wenye tarehe, maana gata na udongo wa nje ni vyake. Kama anachelewa na mna mtoto mwenye kifua, chukueni ya painti 50 yenye pampu. Mkihama mnaondoka nayo.