Bei ya akiba kwenye mnada wa eBay: inalipa wapi, inakula hela wapi

Huduma ninayoizungumzia ni ya kuweka bei ya akiba kwenye mnada wa eBay ya Marekani. Ni kiwango cha chini ambacho muuzaji anakiweka, wanunuzi hawakioni, na dau la juu lisipokifikia muuzaji halazimiki kuuza. Uwanja wangu ni kamera na lenzi za zamani, kwa hiyo mifano itatoka huko, ila hesabu ni ileile kwa saa, magitaa au vipuri. Alama yangu ni nyota 2 kati ya 5 kwa muuzaji wa kawaida, na 4 kwa mwenye kitu adimu ambacho soko lenyewe halijui bei yake. Kwa mnunuzi sitoi nyota. Kuna wanaoijua kuisoma wakafaidi, na kuna wanaopoteza juma zima kwa mnada ambao tangu mwanzo haukuwa wao.

Nianze na ada, maana ndiyo inayouma. Kuna dola 5 au asilimia 7.5 ya bei ya akiba, unatozwa iliyo kubwa kati ya hizo mbili, na kikomo ni dola 250. Hela hiyo inakatwa kitu kiuzwe kisiuzwe. Akiba ya dola 40 inakutoa 5, yaani asilimia 12.5 kabla hujaanza. Akiba ya dola 2,000 inakutoa 150. Kikomo cha 250 unakigonga ukifika kama 3,334, na kuanzia hapo ada inazidi kuwa nyepesi kadiri bei inavyopanda. Juu ya hiyo kuna ada ya mauzo, ambayo kwa bidhaa nyingi inacheza kwenye asilimia 13 ya jumla aliyolipa mnunuzi, usafirishaji ukiwemo. Na ukikirudisha mnadani kitu kilichokwama, ukaweka akiba tena, unalipa tena. Viwango hivi eBay huvibadilisha mara kwa mara, basi kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho soma jumla ya ada ambayo fomu yenyewe inakuonyesha.

Je, hiyo 150 inarudi? Tuseme unauza bodi ya Leica M6, yaani kamera bila lenzi. Bei ya kuanzia umeweka dola 99, akiba 2,000. Wamekuja watu watatu: wa kwanza kikomo chake ni 1,500, wa pili 1,700, wa tatu 2,300. Mfumo wa eBay humpandishia kila mtu dau kidogo kidogo mpaka kikomo chake, na kati ya dola 1,000 na 2,500 hatua moja ni dola 25. Bila akiba, huyu wa tatu angeshinda kwa 1,725, hatua moja juu ya wa pili. Palipo na akiba mambo ni tofauti: kikomo chake kikishaipita, dau linaruka moja kwa moja hadi 2,000. Akiba imefanya kazi ya mshindani asiyeonekana. Umeongeza dola 275. Toa ada ya mauzo juu ya hizo 275, kama 36, toa 150 ya akiba, umebaki na 89.

Sasa rudia mnada huohuo, lakini futa akiba na uweke bei ya kuanzia 2,000. Wa kwanza na wa pili hawatagusa. Wa tatu ataweka dau lake peke yake na kuchukua kwa 2,000. Umepata bei ileile na ile 150 imebaki mfukoni. Hapo ndipo wauzaji wengi wanapokosea hesabu: wanafikiri akiba ndiyo inayowalinda, kumbe kinga hiyohiyo ipo kwenye bei ya kuanzia, na haina ada ya ziada.

Anayeitetea akiba atasema bei ndogo ya kuanzia inaleta watu, watu wanaleta joto, na joto linapandisha bei. Ni kweli kwa mnada usio na akiba kabisa. Kwenye mnada wenye akiba kuna maandishi chini ya bei kwamba akiba haijafikiwa, na mnunuzi mzoefu akiyaona hayo anasoma jambo moja: huyu hajaamua kuuza. Watafiti Rama Katkar na David Reiley walilipima hili kwa jozi 50 za kadi za Pokémon kwenye eBay, kadi moja ya kila jozi ikiwa na akiba ya siri na pacha wake ikiwa na kiwango hichohicho kama bei ya kuanzia ya wazi. Matokeo yao ya 2006: akiba ya siri ilipunguza uwezekano wa kuuza, iliwakimbiza wanunuzi wa kweli, na ilishusha bei iliyotarajiwa. Kabla yao, 1996, Jeremy Bulow na Paul Klemperer walikuwa wameonyesha kwa hesabu kwamba, katika mazingira ya kawaida ya mnada, kumpata mnunuzi mmoja zaidi bila akiba kunamfaa muuzaji kuliko akiba iliyopigiwa hesabu vizuri namna gani. Kadi za Pokémon ni bei rahisi, sawa, na Leica si kadi. Ila mantiki ya mnunuzi kukimbia haijali ukubwa wa bei.

Ninapoikubali akiba ni hapa. Una kitu ambacho hakijauzwa hivi karibuni, hakuna bei ya kulinganisha, na wanaokitaka wako wachache duniani: lenzi ya mfululizo mdogo, kamera ya mfano wa majaribio, kitu chenye nyaraka za kiwandani. Bei ya kuanzia ukiiweka juu unaweza kuwafukuza waliotaka kupapasa soko. Ukiiweka chini bila akiba, wawili tu wenye hela wasipoonana juma hilo, kimekwenda kwa bei ya kutupa. Hapo ada ya 250 naiita bima na nailipa bila kinyongo. Faida nyingine isiyosemwa sana: kwenye mnada wa kawaida, kitufe cha kununua papo hapo kinatoweka dau la kwanza likiingia. Ukiwa na akiba, kitufe kinabaki mpaka akiba ifikiwe. Kwa kitu adimu, mtu mwenye haraka bado ana mlango siku ya tano. Bei ya kitufe hicho lazima iizidi bei ya kuanzia kwa asilimia 30 au zaidi, sharti ambalo ukianza na dola 99 halikusumbui.

Kuipanga. Fungua utafutaji wa bidhaa zilizouzwa. Utaona za siku 90 zilizopita. Ndani ya zana za muuzaji kuna Terapeak, ya kuchunguza bei za mauzo yaliyopita, inayorudi nyuma hadi miaka 3, na kwa vitu adimu ndiyo ya kutegemea. Chukua zilizo katika hali sawa na yako tu. Lenzi yenye ukungu ndani ya vioo na lenzi safi ni bidhaa mbili tofauti, hata kama jina ni moja. Tupa bei ya juu kabisa na ya chini kabisa, angalia zilizobaki, kisha jiulize: kwa bei gani ningeona heri nibaki nacho? Hiyo ndiyo akiba. Isiwe bei unayoitamani. Wengi huchukua bei ya juu waliyoiona, wanaiweka kuwa akiba, kisha wanashangaa mnada umefungwa kwa asilimia 70 ya hapo na ada imeshakatwa. Mimi huiweka karibu na bei ya chini iliyowahi kulipwa karibuni kwa hali hiyohiyo. Bei ya kuanzia iwe ndogo kabisa. Akiba ya 2,000 na kuanzia 1,800 ni kulipia kificho kisichoficha kitu. Muda uwe siku 10, ambao ndio mrefu kuliko yote, na ufungaji uangukie Jumapili jioni saa za Marekani.

Mnunuzi akikuuliza akiba ni kiasi gani, mwambie. Najua wapo wanaoilinda kama siri ya jeshi, lakini anayeuliza ana hela au anamwulizia mwenye hela, na jibu la kukwepa linamfukuza. Jibu la wazi linakusaidia pia na wale wa dakika za majeruhi. Mnada wa eBay unafungwa kwa saa iliyopangwa na hauongezwi sekunde hata kama madau yanamiminika, kwa hiyo wazoefu wanaingiza dau lao moja zikiwa zimebaki sekunde chache. Mtu wa aina hiyo hana nafasi ya kujaribu mara ya pili. Kama hajui akiba ni 2,000 na kikomo chake kilikuwa 1,950, mmekosana kwa dola 50 na wote mmebaki mikono mitupu.

Ikikwama, usikimbilie kuirudisha. Ndani ya siku 60 unaweza kumtumia aliyeweka dau ofa ya nafasi ya pili kwa bei aliyoitaja mwenyewe, na kutuma hakuna ada. Ile 1,950 ukiilinganisha na kulipa 150 nyingine, kuichukua ni uamuzi mwepesi. Kumbuka pia kwamba waliofuatilia wanaona orodha ya minada iliyokwisha, na kitu kilichorudi mara ya tatu kinaanza kunukia. Na usithubutu kutumia akaunti ya ndugu kusukuma dau lifike akiba. eBay inakataza, na katika nchi kadhaa ni kosa la jinai.

Kuuza bila akiba nako kuna meno. Uingereza, kwenye kesi ya Barry dhidi ya Davies ya mwaka 2000, mnadi aliziondoa mashine mbili za kupimia injini kwenye mnada uliotangazwa hauna akiba, kwa sababu dau pekee lilikuwa pauni 200 kwa kila moja wakati bei ya mpya ilizidi pauni 14,000. Mahakama ya Rufani ilithibitisha fidia ya pauni 27,600 aliyopewa mweka dau. Ukisema hauna akiba, uza.

Kwa wanaonunua magari, akiba mtakutana nayo kwa sura nyingine. Copart, kampuni ya kunadi magari mtandaoni, ambayo mbali na Marekani na Uingereza ina yadi pia Dubai na Oman, inaandika aina ya mauzo kwenye ukurasa wa gari. Kuna yanayouzwa kwa dau lolote la juu, yenye kiwango cha chini cha muuzaji, na yanayosubiri muuzaji aridhie. Aina ya kwanza ndiyo ya kushindania kwa nguvu. Kwa hizi mbili nyingine, kushinda dau si kushinda gari: muuzaji anaweza kukataa au kukutajia bei yake, na hela yako ya dhamana inakaa imefungwa huku magari mengine yanapita. Weka dau kwa gari moja la namna hiyo kwa wakati mmoja.

Kwenye minada ya magari ya Japani, kama ule mkubwa wa USS Tokyo wa kila Alhamisi, muuzaji ana bei ya kuanzia na bei ya kuuzia; ikifikiwa, taa kwenye skrini inawaka na kuanzia hapo gari linauzwa. Lisipofikia linapita, na wakala wako anaweza kuomba mazungumzo. Kabla ya kumtumia dau kutoka Mombasa au Dar, mwulize mambo mawili: gari hili limepita mnadani mara ngapi kwa namba hiyo ya chesisi, na dau la mwisho liliishia wapi. Lililopita wiki mbili mfululizo lina muuzaji aliyeanza kuchoka, na hapo mazungumzo baada ya mnada huwa rahisi kuliko kupambana mnadani. Kwa anayepeleka Kenya, hesabu hiyo iende pamoja na ukomo wa miaka 8, umri ambao gari likiuzidi haliruhusiwi kuingizwa nchini. Gari linalokaribia ukomo huo halina wiki nyingi za kusubiri muuzaji alainike.