Chaki ya K11-125, chaki ya K72-125 na koleti za ER32: ipi ifuate kwenye kerezo lako?

Ukinunua kerezo (mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikikata) dogo la mezani kutoka China, lile la ukubwa wa milimita 250 hivi, mara nyingi utalikuta limeshafungwa chaki, yaani kibano kinachoshika chuma kinachozungushwa, ya meno matatu ya milimita 125. Swali la mwanafunzi huwa ni kiongezwe nini baada ya hapo. Wauzaji wengi watamwelekeza kwenye seti ya koleti (mabomba mafupi ya chuma yaliyopasuliwa, yanayobana kazi pande zote), maana inang'aa na inakuja kwenye sanduku la kupendeza. Sisi tunasema pesa ya kwanza iende kwenye chaki ya meno manne yanayosogezwa moja moja. Koleti zingoje.

Tuanze na ile iliyokuja na mashine. K11 ni aina ya chaki inayojipanga katikati yenyewe: ukizungusha ufunguo, sahani ya ndani yenye mfereji uliojiviringa kama gamba la konokono inayasogeza meno yote matatu kwa mkupuo mmoja. Namba inayofuata ni kipenyo cha mwili. Ile ya 125 ina tundu la katikati la milimita 30, sehemu ya kukalia bamba la nyuma (sahani inayounganisha chaki na mashine) yenye kipenyo cha milimita 95, na boliti tatu za M8 kwenye duara la milimita 108. Ya 100 inakalia 72 na boliti zake ziko kwenye duara la 84, kwa hiyo huwezi kuzibadilishana bila bamba jingine la nyuma. Angalia pia tundu la spindeli, yaani mhimili wa mashine unaozungusha chaki. Chaki inaweza kupitisha chuma cha milimita 30 huku spindeli ikigota kwenye 26.

Sandukuni kuna seti mbili za meno, moja ya kubana vitu vyembamba na nyingine ya ngazi zilizogeuzwa kwa vitu vinene. Kila jino lina namba, 1 hadi 3, na kila mfereji wa mwilini una namba yake. Kuyarudisha meno kuna utaratibu: zungusha ufunguo hadi mwanzo wa hesi ya sahani uonekane ndani ya mfereji namba 1, urudishe nyuma kidogo, sukuma jino namba 1, kisha zungusha mbele hadi mwanzo ule ufike namba 2, na hivyo hivyo namba 3. Ukikosea mpangilio, meno hayatakutana katikati. Moja litabaki nyuma na chuma kitazunguka nje ya mhimili. Wanaoanza hudhani chaki imeharibika, kumbe namba tu zimepishana.

Usahihi wake? Chaki ya bei hii ikiwa mpya, tarajia chuma kuyumba kati ya milimita 0.05 na 0.10 kwenye geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachoonyesha chuma kinavyoyumba). Watu hulalamika sana juu ya hili bila sababu. Ukikereza nje, ukatoboa na kupanua tundu kwa mbano mmoja, vyote vitakuwa na mhimili mmoja hata kama chuma ghafi kiliyumba milimita nzima. Bushi, kwa mfano, inakamilishwa nje na ndani bila kuachia chaki, halafu inakatwa. Taabu huanza pale unapokigeuza kipande kufanya upande wa pili, au unapofunga tena shafti iliyokwisha kukerezwa. Hapo ile 0.08 inahamia moja kwa moja kwenye kazi.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio machache palepale dukani. Sogeza meno kutoka nje kabisa hadi yagusane. Ufunguo uzunguke kwa uzito uleule, bila mahali pa kukwama. Yakigusana, yaelekeze kwenye mwanga: kukipita mwanga mbele na si nyuma, meno yamefunguka mdomo na yatashika chuma kwa nyuma peke yake. Ukiweza, bana pini iliyosagwa ya milimita 20, pima sentimita 1 kutoka kwenye meno, kisha sentimita 10. Geji ikionyesha kuyumba kulekule sehemu zote mbili, mhimili umehama tu, na hilo linavumilika. Kuyumba kukiongezeka mbali na chaki, pini imeinama: kuna chenga za chuma nyuma ya chaki, bamba la nyuma halijasawazishwa, au meno yenyewe ni mabovu. Chaki iliyotumika yenye dalili hii ya mwisho, iache, labda uwe na namna ya kuyasaga meno yakiwa yamebanwa kwenye pete.

Jambo dogo ambalo karibu hakuna anayelieleza: chaki ina matundu matatu ya ufunguo, na hayatoi matokeo sawa. Bana pini ileile kupitia kila tundu, andika geji inasema nini, kisha lile lililo bora lipige alama. Tangu hapo kaza la mwisho lipitie hapo daima.

Bamba la nyuma likerezwe kwenye spindeli ya mashine yako mwenyewe, si ya jirani. Ukiliacha na kipenyo cha 95 kamili, chaki itakaa ilivyokusudiwa na kiwanda. Ukilipunguza hadi 94.8 hivi, utaweza kulegeza boliti kidogo, kugonga mwili wa chaki kwa nyundo ya plastiki huku ukiangalia geji, kisha kukaza. Kwa kipenyo kile ulichopimia utashuka hadi 0.02. Kwa vipenyo vingine haitakuwa hivyo, kwa kuwa mfereji wa sahani hauna kosa lilelile kila mahali. Mafundi wa zamani hawaupendi ujanja huu, na ni kweli kwamba mgongano mkubwa wa kisu unaweza kuihamisha chaki. Kwa kazi nyepesi tunaukubali.

Sasa K72-125, tunayoipa alama za juu. Ina meno manne, kila moja na skrubu yake, na kila jino linaweza kugeuzwa mbele nyuma, kwa hiyo hakuna seti ya pili. Inashika chuma cha mraba, mstatili, kipande cha kusubu kisicho na umbo, hata kitu kinachotakiwa kuzunguka nje ya katikati kwa makusudi. Na cha duara itakiweka ndani ya 0.02 au chini ya hapo, kwa kuwa usahihi unatoka mkononi mwako na kwenye geji. Chaki ya bei ndogo ya meno manne inafanya kazi ya chaki ghali ya meno matatu, mradi uwe na subira.

Wanaoanza huiogopa kwa sababu hawajaonyeshwa njia. Toa gia ili spindeli izunguke kwa mkono. Panga meno kwa macho ukifuata duara zilizochongwa usoni mwa chaki, bana chuma kwa wepesi. Leta geji iguse chuma mbele ya jino namba 1, weka sifuri, zungusha nusu mzunguko hadi namba 3. Tuseme geji imeongezeka kwa 0.40. Chuma kimeegemea upande wa namba 3, na kinapaswa kusogea nusu ya tofauti, yaani 0.20, si 0.40. Legeza namba 1 kidogo, kaza namba 3 hadi geji ishuke kwa 0.20. Usiguse namba 2 na 4. Rudia hadi pande hizo mbili zilingane, ndipo uende kwenye jozi ya pili. Ukimaliza ya pili, rudi ya kwanza, itakuwa imehama kidogo. Zikibaki alama mbili tatu za geji, acha kulegeza: kaza tu upande ulio juu. Mwishoni kaza yote manne kwa zamu na upime mara ya mwisho. Wengi wanaokwama wanasogeza tofauti nzima badala ya nusu, kisha wanafukuzana na geji mchana kutwa. Funguo mbili, moja kila upande, zinaokoa muda mwingi kuliko geji ya bei kubwa.

Kwa kazi ya nje ya katikati kumbuka hesabu ileile kinyume chake: ukitaka mhimili uhame milimita 3, geji ionyeshe jumla ya milimita 6. Kasi ipungue sana, maana uzito hauko sawa.

Kasoro za K72 ni mbili. Ni nzito, nayo meno yake hujitokeza nje ya mwili yanapobana kitu kikubwa; yanazunguka usipoyaona na yanavunja vidole. Tena hakuna kinachokuonya ukikaza kupita kiasi. Bomba jembamba likibanwa hivyo linakuwa na umbo la yai, unapanua tundu duara safi, unaachia, bomba linarudi lilivyokuwa na tundu linaharibika. Kwa meno matatu kosa hilo hutoa tundu la pembe tatu za mviringo. Dawa ni kuchomeka kigingi kinachoenea ndani ya bomba unapokereza nje, au kulivalisha pete nene iliyopasuliwa unapopanua ndani. Chuma kilichokwisha kusafishwa kikingwe kwa vipande vya bati la shaba au alumini vyenye unene mmoja chini ya kila jino.

Koleti za ER32 ni nzuri, ila zina kazi yake. Kila moja inabana ndani ya milimita 1 tu: ya namba 12 inashika kuanzia 12 hadi 11. Seti ya vipande 18 huwa inaenda kutoka 3 hadi 20. Ukikereza pini nyingi zinazofanana, au unashika kitu chenye nyuzi za skrubu usizotaka kuziumiza, hakuna kinachozishinda. Chuma cha mraba hazikitaki, na kisichofika angalau theluthi mbili ya urefu wa koleti zitakishika vibaya. Kikiwa kifupi, chomeka nyuma kipande kingine cha kipenyo hichohicho.

Kosa linaloua seti mpya ni hili: koleti inawekwa kwenye chaki, halafu nati inafungwa juu yake. Inatakiwa kwanza ibonyezwe ndani ya nati kwa kuiinamisha hadi ilie "tik" kwenye pete ya ndani, ndipo nati yenye koleti ifungwe mashineni. Bila hivyo koleti haikai sawa, inakwama ndani wakati wa kufungua, na mdomo wake unaharibika. Wala usikaze nati ikiwa koleti ni tupu.

Epuka chaki ya koleti yenye mkia wa Morse (mkia unaopungua unene kuelekea mwisho) unaoingia kwenye spindeli, hata kama bei yake inavutia. Lazima ivutwe kwa boliti ndefu kutoka nyuma, na boliti hiyo inaziba njia, kwa hiyo chuma kirefu hakipiti. Chukua ile ya kufungwa kwa boliti kwenye bamba la nyuma.

Chaki yoyote uliyo nayo ina mpaka. Kitu kinachochomoza zaidi ya mara tatu ya kipenyo chake bila msaada kitainama mbele ya kisu na kutoka kinene mwishoni kuliko karibu na chaki. Toboa ncha kwa drili ya senta na ukiegemeze kwenye telistoki, kile kichwa cha pili cha kerezo kinachoelekeana na chaki. Ukitumia senta (ncha inayoingia kwenye tundu hilo) isiyozunguka, itie grisi na uilegeze kila mara: shafti ya milimita 300 ikipanda joto nyuzi 40 inarefuka kama milimita 0.14, na ikikosa pa kwenda inapinda au inaunguza senta.

Meno nayo yasitokeze nje ya mwili zaidi ya theluthi ya urefu wake, kwani hesi chache zinazobaki zimeshika zinaweza kukatika. Kwenye spindeli za kufungwa kwa uzi, usiiwashe mashine kinyumenyume ukiwa na mzigo. Chaki inajifungua na kudondoka kwenye kitanda cha mashine. Na ufunguo wa chaki hautoki mkononi ukiwa bado tunduni. Ukiuachia, umeuchomoa.

Ile sahani pana yenye mianya, feisipleti, inayokuja na baadhi ya mashine, usiiuze. Siku utakapoletewa mwili wa pampu wa kupanua tundu, hakuna jino litakaloushika. Weka karatasi kati ya kazi na sahani isiteleze, funga kwa vibano visivyopungua vitatu, kisha ongeza kipande cha chuma upande mwepesi hadi sahani, ikiwa haina gia, isimame popote unapoiacha. Anza na kasi ya chini kabisa ya mashine.