Morgan Plus Four: Sura ya 1950, Chasisi ya Leo

Katika magari ya michezo ya Uingereza yaliyoundwa upya kwa ajili ya zama hizi, hakuna lililonishawishi kama Morgan Plus Four iliyozinduliwa mwaka 2020. Ukilitazama kwa nje, utadhani ni Plus 4 ile ile ya 1950: boneti ndefu yenye matundu ya kupitishia hewa, taa za duara, na madigadi yaliyobinuka juu ya matairi kisha yakateremka ubavuni.

Mabadiliko makubwa yamefichwa. Mafundi wa kampuni ya Morgan, kwenye kiwanda chake cha mji wa Malvern, Uingereza, waliachana na chasisi ya chuma iliyoanza kutumika mwaka 1936, wakaweka ya alumini iliyounganishwa kwa gundi na ribiti. Mfumo wa springi za mbele, uliorithiwa kutoka magari yao ya kwanza ya matairi matatu na uliojulikana kwa kumrusharusha dereva, nao ukaondolewa. Hata hivyo, juu ya alumini hiyo bado hujengwa kwa mkono kiunzi cha mbao za mti wa ash, ndipo bodi ifungwe. Huo, kwa maoni yangu, ni uamuzi wa busara mno.

Injini ni ya BMW, lita 2 yenye turbo na nguvu farasi 255, na kwa kuwa gari zima lina uzito wa takriban tani moja tu, hufikia kilomita 100 kwa saa kwa sekunde zipatazo 5. Mlango ni mfupi kiasi kwamba kiwiko cha dereva hukaa nje, naye huiona lami ikipita karibu kabisa na bega lake. Ningemshauri mnunuzi achague gia za klachi. Zile za kujibadilisha zenyewe ni za haraka zaidi, lakini wenzo wake ni ule ule wa magari ya BMW, na haupatani kabisa na dashibodi hii.

Buti halina, mizigo michache hubanwa nyuma ya viti, na madirisha ni ya kuchomeka na kuchomoa, hivyo kwenye barabara kuu upepo huwashinda wanaozungumza. Anayetaka gari la kila siku atafute jingine.

Wapo wanaolalamikia injini ya Kijerumani. Lakini Plus 4 ya 1950 nayo ilitumia injini ya Standard Vanguard, gari la kawaida la familia. Kampuni hii imezoea kununua injini kwa wengine na kuunda yenyewe bodi inayomzunguka dereva, na kazi hiyo ingali inafanywa Malvern.